Askofu wa Benchi la Nje

"Mchumia juani hulia juani," mchungaji alisema kutoka mimbarini, "na mla kivulini hajui hata jua linachomozea wapi."

Waumini wakasema Amina. Aliyeitika kwa sauti kuliko wote ni Bwana Leseni, mkubwa wa askari wa jiji, aliyekuwa safu ya mbele, karibu na feni. Askari wake ndio waliokamata mkokoteni wa mzee anayeuza maji mtaa mzima. Mchungaji aliutaja mkokoteni huo waziwazi: usipotolewa stoo mpaka Jumatatu ya wiki ijayo, si ya kesho, utauzwa kama chuma chakavu, na mzee wa watu hana kazi nyingine. Bwana Leseni akaitika Amina ya pili, akafunga kitabu cha nyimbo, akaenda zake kula.

"Mahubiri yako yanaingia sikio hili, yanatokea lile," Bawaba alimwambia mchungaji walipobaki wawili.

"Na sikio lako wewe?"

"Langu halipitwi na kitu, mchungaji."

"Hilo nalijua," mchungaji akasema.

Bawaba alikuwa mzee wa mlangoni. Jina hilo alipewa kwa sababu haachani na mlango, na kwa sababu hawezi kukaa bila kulialia. Yeye ndiye aliyepanga watu: viatu vinavyong'aa ndani, viatu vilivyochoka kwenye benchi la nje, lisilo na paa. "Huko mnapata hewa safi," alikuwa akiwaambia.

Wiki ile mchungaji alimtuma huku na huko kupeleka salamu mpaka nyayo zikamwaka moto. Ijumaa, akirudi kutoka kwa mwalimu wa kwaya, akapita karibu na ofisi. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani mchungaji alikuwa akiongea. Bawaba akainama kufunga kamba za viatu, ingawa alikuwa amevaa ndala.

"Nakusikia, Baba Askofu... Jumapili hii hii?... Utavaa kama mtu asiye na mbele wala nyuma? Ili uone tunavyowapokea?... La, sitamwambia mtu. Hasa yule wa mlangoni, Baba. Mdomo wake hauna kifuniko."

Bawaba aliumia roho kwa muda mfupi sana. Kisha akaondoka mbio.

"Usimwambie mtu," alimwambia kila mtu.

Askofu alikuwa mpya. Picha yake kwenye kalenda ya kanisa ilikuwa ndogo kama stempu, na kofia ilikuwa imemeza nusu ya uso. Angeweza kuwa yeyote.

Jumapili benchi la nje lilibaki tupu. Fundi viatu alikalishwa safu ya pili. Mama muuza mkaa aliletewa mto wa kuegemea. Mlevi aliyekuwa amelala getini alibebwa na wanakwaya wanne, taratibu kama mayai, akalazwa chini ya dirisha lenye upepo.

"Shikamoo, baba," Bawaba alimnong'oneza. Mlevi akakoroma. Bawaba akaichukua hiyo kuwa marahaba.

Ndipo akaingia mzee mwenye shati la viraka, vumbi mpaka magotini. Kila siku alikuwa akipita mbele ya geti lile akisukuma maji, lakini nani humtazama usoni msukuma mkokoteni?

"Namtafuta Bwana Leseni," mzee alisema. "Niliambiwa nije leo."

"Tunajua, baba," Bawaba akasema, akamkonyeza. "Tunajua yote. Pita."

Bwana Leseni aliruka kitini kama aliyekalia siafu, akampisha. Ibada yote alisimama ukutani, mikono nyuma, tabasamu limemkauka. Baada ya baraka ya mwisho alimletea mzee chai kwa mikono yake miwili.

"Una neno nasi, baba?"

"Ni mkokoteni tu, mwanangu. Naomba unirudishie."

Bwana Leseni alimkabidhi kikombe haraka. Kumbe mchungaji ameshamshitaki juu kabisa!

"Sasa hivi, baba. Usisimame. Kunywa chai."

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mfukoni, na hakuthubutu kumtuma mtu. Alirudi saa ya jua la utosi, yeye mwenyewe akisukuma, koti limelowa, tai imerukia begani. Watoto walimfuata kwa makofi.

Mzee aliweka kikombe chini. Akalizunguka gurudumu, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Upepo umepungua."

"Pampu!" Bwana Leseni akafoka. "Leteni pampu!" Akajaza mwenyewe, akihema.

"Mungu akubariki, mwanangu," mzee akasema. Akashika mikono ya mkokoteni, akatoka getini. Baada ya muda sauti yake ikasikika kutoka kona ya pili: "Maji! Maji hayoo!"

"Anajificha mpaka dakika ya mwisho," Bwana Leseni alisema kwa unyenyekevu, akijifuta jasho. "Huyo ndiye askofu."

Mchungaji alikuwa akiaga wa mwisho mlangoni, Bawaba pembeni yake, wakati fundi simu wa ng'ambo ya barabara alipoingia uani na kifurushi kidogo.

"Samahani sana, mchungaji. Kioo kilichelewa kufika. Simu yako imelala mezani kwangu tangu Jumanne, nikaona leo nikuletee mwenyewe."

Bawaba aliitazama simu. Akamtazama mchungaji. Akaitazama simu tena.

"Tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne," fundi akasema.

"Basi Ijumaa, mle ofisini, mchungaji, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wewe," mchungaji akasema. "Na siombi radhi."