Bao Linalokuchezea

Siku hizi ukicheza bao la mtandaoni na muda ukaisha kabla hujathibitisha, hupotezi zamu. Bao lenyewe linakuchezea, vilevile ambavyo ungecheza wewe, na mwenzako hawezi kujua nani kacheza.

Jioni ile baba alikuwa kwake Pangani, mimi jikoni kwangu Mtwara, wali unaungua. Kete zake zilizunguka ubao mzima zikaila nyumba yangu yote, kwa madaha yaleyale yaliyokuwa yakiwatoa jasho wenzake barazani. Nikampigia simu huku nacheka.

"Baba, umenimaliza! Mkono wako haujazeeka hata kidogo."

"Umeona, Mwanahawa? Zile kete zilipogeukia kushoto, hata mimi nilishtuka."

"Ushtuke vipi, na umecheza mwenyewe?"

Akacheka taratibu. "Sithibitishi tena, mwanangu. Nauacha muda uishe. Nakaa na kahawa yangu, natazama ninavyocheza. Nacheza vizuri, wallahi."

Nilitaka kumgombeza. Lakini zamu ilikuwa yangu na saa inakimbia, kidole changu kiko juu ya kitufe cha kuthibitisha. Nikakiondoa, nikasubiri kuona nitacheza nini.