Waya wa Shemeji

Kinyozi alizima mashine akiwa katikati ya kichwa cha Mwalimu wa Hesabu. Upande wa kulia ulikuwa unang'aa kama yai, wa kushoto bado msitu.

"Malizia basi," Mwalimu alisema.

"Kwanza ubishi uishe. Kichwa kitafuata."

Duka lilikuwa limejaa hadi ngazini. Watu kumi na wanane, na wenye nywele za kunyoa walikuwa watatu. Mzee Kipara alikuwa amefika kila asubuhi kwa miaka kumi na moja bila kuacha hapo unywele hata mmoja. Alifuata vita.

Vita vilikuwa kwenye kona, ndani ya kompyuta nene kama kabati, yenye mchezo wa zamani wa himaya za angani. Nyota zilikuwa nukta, na vyombo vya vita vilikuwa pembetatu za kijani. Kila siku zamu moja: wateja wanashauriana, wanagombana, Kinyozi anabonyeza, kisha wanangoja maadui wao, Wazargu, wajibu.

Sasa Mwalimu alikuwa na kompyuta mpakato mapajani, na ndani yake mchezo mpya. Sayari zilizunguka, mawingu yakatembea, na ukisogea karibu unaona taa za miji. Juu yake alikuwa amepachika modi mia mbili, zile nyongeza ambazo wachezaji huzitunga wenyewe. Moja ilileta mafua kwenye vyombo vya angani. Nyingine iliwavika maadui miwani.

"Hilo lenu ni kaburi lenye umeme," alisema.

"Letu lina modi moja tu," Kinyozi akajibu. "Lakini ni modi."

Aliipachika Shemeji, kaka wa mkewe, kabla hajahamia mbali na kuacha kupokea simu. Aliiita Adui Mwenye Akili. Ilikuja na waya mweupe uliotoka nyuma ya kompyuta ukaingia kwenye tundu la ukuta. Shemeji alisema akili inapita humo. Kinyozi aliufuta vumbi kila Jumamosi.

"Wazargu wana tabia, Mwalimu. Jumatatu tunafunga, Jumanne tunarudi na hasira, tunawaingia kushoto. Kila Jumanne! Na wanatuzuia. Msimu wa harusi hawajibu mpaka jioni. Mfalme wako huyo wa miwani anajua kununa?"

"Tuwapime, basi."

Masharti yaliwekwa mbele ya wote. Adui wa Mwalimu akionyesha akili zaidi, kompyuta nene inakwenda kwa mtu wa vyuma chakavu leo leo. Akishindwa, Mwalimu anarudi shuleni na nusu kichwa. Watu walicheka. Kinyozi hakucheka. Mtaa ule ulikuwa na vinyozi sita, na watano walimzidi mkono. Wazargu wakiondoka, nani angekuja kukaa kwake?

Walikubaliana kuwapelekea maadui wote wawili barua moja. Aliyeitunga ni dereva wa lori: *Tumechoka. Tuoneeni huruma.*

"Huruma?" Mzee Kipara alisimama. "Miaka kumi na moja hatujaomba hata maji!"

"Ni mtego, mzee wangu," dereva akamwambia. "Kaa."

Mfalme wa Mwalimu alijibu papo hapo, kwa ngoma na tarumbeta: *Ombi lako limepokewa. Tunalitafakari.* Wakatuma tena. *Ombi lako limepokewa. Tunalitafakari.* Mara ya tatu vilevile, na miwani yake.

"Huyo si mfalme," dereva akasema. "Huyo ni karani."

Kompyuta nene ilinyamaza. Dakika tano. Kumi. Jasho lilimtoka Kinyozi mpaka kwenye ncha ya pua. Upande wa pili wa ukuta, kwenye saluni ya mkewe, wanawake walipasuka kicheko kwa mambo yao. Ndipo herufi zikaanza kutokea kwenye kioo, moja moja:

*MMECHOKA NA NINI? KUTWA KUKAA NA KUPIGA SOGA. HATA MWEZI WENU HAMJAUFAGIA.*

Duka lililipuka. Mzee Kipara alipanda juu ya kiti akacheza. Mtu asiyejulikana alimkumbatia mtu mwingine asiyejulikana.

Mwalimu alifunga kompyuta yake taratibu. "Nimekubali. Nimecheza michezo yote mipya, sijawahi kuchambwa namna hii." Akavaa kofia, akaenda zake na nusu kichwa.

Saa saba mchana duka likapumua. Kinyozi aliketi kwenye ngazi iliyo kati ya milango miwili kumngoja mkewe, Msusi, wale chakula. Walikuwa na sheria tangu walipofungua: mambo ya dukani kwako yaishie dukani kwako, tukikaa tunakula. Leo alitaka kuivunja. Kifua kilimjaa.

Ndani, Mzee Kipara aligonga kioo kwa kidole. "Kinyozi, Wazargu wamenuna tena!"

"Waache, watajibu!"

Msusi alikuja amebeba sahani ya chakula juu ya mabeseni mawili mapya, ya bluu.

"Mama watoto, leo nisikilize, nina habari."

"Nianze mimi, baba watoto, yangu yananichoma. Lile likompyuta alilotuwekea kaka saluni, la vita vya nyota. Si alisema adui wake ana akili? Tumemvumilia miaka kumi na moja. Kila Jumanne anakuja kushoto, kila Jumanne tunamchapa. Wadada wamechoka, wanataka mchezo mpya. Na leo ndiyo kavuka mpaka: eti amechoka, tumwonee huruma. Mashine! Nimemchamba, nikachomoa waya wake ukutani, likompyuta lenyewe nikampa mtu wa vyuma chakavu, naye akanipa mabeseni haya."