Hodi kwa Dada Tusekile

Huku Makete, tangu baridi ilipozidi, kuta zimejazwa manyoya ya kondoo, na kila mlango hufunguka mara moja tu kwa siku, mchana, kisha hujifunga wenyewe ili joto lisipotee. Mwenye nyumba hana amri nao.

Nilitembea kutoka Tukuyu kumwahi dada yangu Tusekile, maana niliambiwa kifua kimembana na huenda asiimalize wiki. Nikakuta mlango uko wazi. Nimelala katika nyumba nyingi za watu, lakini sijawahi kuingia hata moja kabla ya kukaribishwa. Nikasimama kizingitini.

"Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi wenyewe."

Nikamsikia akikohoa, akitafuta pumzi ya kunijibu. Nikangoja. Mlango ukajifunga mbele ya pua yangu.

"Karibu," ikasema sauti yake kwenye kispika kidogo cha mlangoni.

"Umechelewa, dada."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Mzururaji wewe, tangu lini ukawa na adabu?"

"Kesho naingia bila hodi."

"Kesho," akasema. "Kitanda changu kimeegemea ukuta huu wa mlangoni. Nimeweka mkono, kaka. Weka na wako. Unalisikia joto langu?"

Nikaweka kiganja. Ukuta ule ulijengwa vizuri, haupitishi kitu. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nalisikia," nikasema.

Hakujibu. Sikuutoa mkono.