Uzito wa Mpandaji

Shokapu ya mbele ilizama mpaka mwisho, na muuguzi aliyekalia baiskeli hakuwa na mwili wa kuzamisha kitu.

Fundi alimwomba ashuke, akaongeza upepo kwa pampu, akamkalisha tena. Ndivyo alivyouza baiskeli za mlimani miaka yote: mteja hukaa, shokapu hushuka robo, naye hujua imelingana na uzito. Hii ilizama yote.

"Labda ni mbovu, fundi," alisema muuguzi.

Haikuwa mbovu, asubuhi ile fundi aliijaribu mwenyewe. Wakahamia ile yenye shokapu mbele na nyuma, ambayo kwa kawaida hakumpa anayeanza kwa sababu ni nzito na ina matengenezo mengi. Ikazama pande zote mbili. Ile ya bei ya chini, isiyo na shokapu hata moja, haikuwa na cha kuzama, lakini tairi zake zilibonyea mpaka rimu zikakaribia sakafu. Nywele zilimsimama fundi.

Muuguzi alikwisha kumweleza kwamba hajui hata gia inabadilishwaje. Mtu wa milima alikuwa kaka yake, mwembamba kama yeye, aliyempakia kwenye njia za huko tangu utotoni mpaka homa ilipomchukua. Sasa alitaka kupita njia zile mwenyewe. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba akijua kuendesha peke yake atakuwa amemwacha kaka.

Aliinama akaitazama tairi iliyobonyea, machozi yakamlengalenga.

"Ni yeye," alisema. "Kaka amekuja tuchague pamoja."

Watu wembamba wawili hawazamishi hivyo, fundi aliwaza, lakini nani ajuaye uzito wa marehemu? Hakubisha. Alichohisi, Mungu amsamehe, kilikuwa wivu. Mkewe alikuwa na mwaka kaburini na hajamjia hata ndotoni. Sababu aliijua. Mwanamke yule mnene, mcheshi, aliyewahi kuvunja benchi la karakana kwa kulikalia tu, kisha akacheka hadi majirani wakaja kuchungulia, alimwomba miaka nenda miaka rudi amfundishe baiskeli. Fundi alimwambia kesho. Akafundisha watoto wa mtaa mzima, na mkewe akaendelea kuambiwa kesho hadi siku moyo wake uliposimama. Tangu hapo alikuwa akizungumza na kuta, akiomba ishara yoyote, hata ya hasira, na hakujibiwa. Huyu dada kaingia dukani mara moja tu, na wa kwake kamfuata mpaka juu ya tandiko.

Alimletea ya mwisho: shokapu ya mbele tu, breki za diski, tandiko la chini.

"Kwa anayeanza hakuna kama hii, dada," alisema. "Ukikosea, inakuvumilia."

Safari hii aliijaza upepo wa watu wawili. Muuguzi akashika usukani. Akapanda. Shokapu ikashuka robo, ikatulia. Muuguzi akacheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru kaka yake kwa sauti ndogo, na fundi akageuza uso ili asionekane anavyoumia.

Muuguzi alishuka, akaenda kaunta kutafuta pochi yake, mikono yote miwili ikiwa ndani ya mkoba.

Baiskeli, isiyoshikwa na mtu, haikuanguka, wala shokapu haikuinuka. Usukani uliyumba kushoto, ukayumba kulia, kwa woga wa mtu ambaye hajawahi kuendesha, kisha ukamgeukia fundi, ukasubiri.