Perege Asafisha Tumbo

Perege alipoteuliwa kuwa Bwana Afya wa bwawa, aliamua kuanza na tumbo lake mwenyewe. Kila asubuhi alikwenda pale maji ya sabuni ya kuua vijidudu yanapoingilia bwawani, akayagugumia.

"Mheshimiwa, hao vijidudu wa tumboni ndio wanaokupikia chakula," alisema Kambare, aliyeishi topeni.

"Wana kibali?"

"Wana kazi."

"Basi wewe endelea kunuka."

Vijidudu wakafa wote. Perege akawa safi nje na ndani, ila mwani aliokula ukawa unatoka kama ulivyoingia, mbichi vilevile. Alikula mchana kutwa, akakonda hadi miiba ikahesabika. Mwishowe akashuka topeni, mkia chini.

"Ndugu yangu, nakufa kwa njaa na tumbo limejaa."

"Wapishi ninao," akasema Kambare, "ila husafiri kwa njia moja tu." Akageuka, akadondosha kinyesi.

Perege akaangaza kulia na kushoto, akameza.

Alipopona akatoa tangazo: kinyesi cha Kambare ni nyara za serikali, na atakayekigusa bila kibali cha Bwana Afya atakiona cha mtema kuni.