Duara Lililokataa Kuchapwa

Raya alibonyeza tena kitufe cha kuchapa, kompyuta ikagoma tena. Tasnifu yake ya hisabati ilipaswa kufika chuoni kabla dirisha la kupokelea halijafungwa adhuhuri, la sivyo angerudia mwaka mzima.

Alificha nusu ya kurasa, akajaribu nusu iliyobaki, akagawa tena na tena, hadi mkorofi akapatikana: mchoro wa duara, uliozungukwa na vipeo na mizizi. Ukifichwa, kazi yote ilichapika. Ukirudishwa, haukutoka hata ukurasa mmoja.

“Dada, achana nao,” alisema Mbaruku, mwenye duka la uchapaji. “Nani atakaa ahesabu michoro?”

“Uthibitisho wangu wote umesimama juu ya duara hilo, kaka. Chapa, uniachie nafasi tupu.”

Kurasa zilipotoka, aliazima bikari na kalamu ya wino. Akaikita bikari katikati ya ile nafasi tupu. Akaizungusha, kisha akaandika vipeo na mizizi yake.

Wino ulikuwa bado mbichi alipovuka barabara, tasnifu ikiwa wazi mikononi kama sinia la vikombe vilivyojaa, naye akiupuliza. Upande wa pili, chuoni, karani alikuwa ameshashika komeo la dirisha.