Nyuma ya Mama Mkwe

Wabwile aligeuzia jabali uso kwa mara nyingine, akangoja. Kila alipokaribia, mama mkwe wake alisimama, fimbo mkononi, amejifunika gubigubi lile blanketi jekundu ambalo Wabwile mwenyewe alilitoa kwenye mahari. Upande huu jiwe, upande ule genge tupu hadi mtoni. Njia ilitosha mtu mmoja.

Chini barabarani, lori la mahindi la kwenda Kitale lingeondoka kabla ya giza, na mkewe Nanyama alikuwa analikimbilia. Alifunga mzigo siku moja tu baada ya Wabwile kumtangazia kwamba anaoa wa pili, yeye aliyeapa kanisani kuwa na mmoja. Akifika kwa kaka yake Kitale, harudi tena. Wabwile alilijua hilo, na lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Sasa huyu mama naye! Bila shaka alikuwa akimsindikiza bintiye, akabaki nyuma makusudi kumzibia njia. Na Mbukusu hamsogelei mama mkwe, sembuse kumpita wakigusana mabega. Hata kumsemesha ni mwiko. Aibu hiyo haiondolewi na mchungaji yeyote.

"Nanyama!" alipaza sauti kuelekea kwenye kona ya mbele. "Ningoje, tuongee!"

Mama alisita, kisha akaendelea polepole, fimbo ikigonga mawe. Wabwile alitamani kulia kwa hasira.

Jirani yao Jotham alitokea akipanda kutoka barabarani. Alipokutana na Wabwile, akaulizwa kama amemwona Nanyama.

"Hapana, bana. Njiani nimepata huyu mama tu. Labda ako kwa lori, watu wamejaa huko."

Basi ameshafika. Wabwile alimlaani mama mkwe kimoyomoyo, akazidi kufuata nyuma.

Walipofika chini, injini ilikuwa ikinguruma. Wabwile alijibanza nyuma ya mti, akingoja mama aage aende zake. Yeye alikuwa tayari kumwacha huyo mke wa pili. Hata magoti angepiga mbele ya watu. Lakini mama alishikwa mkono, akapandishwa juu ya magunia, na lori likaondoka.

Ndipo blanketi lilipovuliwa, likakunjwa vizuri, likatupwa barabarani pamoja na fimbo.

"Wabwile," Nanyama aliita kutoka juu ya magunia, "mpelekee mama vitu vyake."